Lyme Regis na Dunraven: magenge mawili ya chokaa ya Jurasiki

Katika genge la Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, matabaka membamba ya chokaa ya kijivu hupokezana na ya udongo uliogeuka mwamba, na mipaka yake hufuata mabadiliko ya bahari ya miaka milioni 200 hivi iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha Jurasiki.

Dunraven, Wales, ina jambo zito zaidi: chokaa ya Jurasiki, nyeupe na yenye kokoto, imelala juu ya chokaa ya Kaboniferi, kipindi cha kale zaidi, iliyokwisha kukunjwa na kumomonyolewa, hivyo mstari mmoja unaoweza kuufuata kwa kidole unaficha zaidi ya miaka milioni 100. Kwa visukuku vya amonaiti, wanyama wa bahari wenye gamba la kujizungusha waliokwisha kutoweka, ningechagua Lyme Regis. Kwa kuelewa mkatiko wa matabaka, yaani pengo la wakati kati ya miamba ya chini na ya juu, Dunraven, ingawa huko maji hujaa upesi.