Stempu za Tristan da Cunha: nimesubiri miezi sita, nawapa nyota nne na nusu

Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya posta miaka 27 huwezi kumdanganya kwa bahasha. Nikiishika tu najua aliyeifunga alikuwa anafikiria kazi yake au alikuwa anafikiria chakula cha mchana. Hii niliyoichukua Jumanne hapa Moshi imefungwa na mtu wa kazi. Stempu nne zimepangwa mbilimbili, hakuna iliyopinda. Mhuri umegongwa mara mbili, kila jozi wake, wino wa kutosha, tarehe inasomeka bila miwani, na umegusa pembe tu bila kuzifunika picha. Hakuna aliyepitisha kalamu ya bluu juu yake. Nyie mnaokusanya stempu mnajua uchungu wa kalamu ya bluu.

Kijana wa dirishani aliigeuza mara tatu kabla ya kunipa.

"Shikamoo mama. Hii Tristan da Cunha ndo nchi gani?"

"Marahaba. Siyo nchi, mwanangu. Ni kisiwa cha Mwingereza, kule chini Atlantiki."

"Una ndugu huko?"

"Sina. Nimenunua stempu kwa serikali yao."

Akacheka, akadhani namtania. Lakini ndivyo ilivyo. Kule posta ni idara ya serikali ya kisiwa, na serikali yenyewe inahudumia watu wasiofika 250. Watu wanasifia saluni na nyama choma kila siku mtandaoni, nami leo naomba nisifie serikali. Nyingine nyingi nimeshazihudumia na kuhudumiwa nazo, nina haki ya kulinganisha.

Oda niliituma mwezi wa tatu. Barua niliandika mwenyewe kwa mkono, malipo akanifanyia mtoto wa kaka yangu kwa kadi ya kwenye simu, kwa sababu mimi kadi zile sizielewi na sina mpango wa kuzielewa. Jumla ilinitoka shilingi 62,000 pamoja na nauli ya barua. Kwa pensheni yangu hiyo ni hela. Mume wangu aliuliza kama stempu hizo zinaliwa.

Ushauri wa kwanza kwa anayetaka kuagiza: andika anwani yote. Kijiji chao, ambacho ndicho pekee kisiwani, kinaitwa Edinburgh of the Seven Seas, kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza aliyewatembelea mwaka 1867. Mizigo yao ilikuwa inapotelea Edinburgh ile kubwa ya Scotland, ndiyo maana mwaka 2005 wakapewa msimbo wao wa posta, TDCU 1ZZ. Msimbo mmoja kwa kisiwa kizima. Nilipokuwa kazini kuna barua nimewahi kuziona zimezunguka dunia kwa kukosa herufi mbili, kwa hiyo huo msimbo niliuandika kwa herufi kubwa na kuupigia mstari chini.

Ushauri wa pili: usiwe na haraka. Kisiwa hakina uwanja wa ndege. Barua yako inatoka Moshi, inakwenda Dar, inavuka hadi Cape Town, halafu inakaa inangoja meli. Kutoka Cape Town mpaka pale ni kama kilomita 2,800 za maji matupu, karibu sawa na kutoka hapa Moshi hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka. Meli inatumia wiki nzima hivi, na meli zenyewe kwa mwaka zinahesabika kwa vidole. Ikifika, bahari ikiwa imechafuka, inaweza kukaa nje siku kadhaa mizigo haishuki, kwa sababu bandari yao ni ndogo na meli kubwa haiingii. Miezi sita kwenda na kurudi kwa hali hiyo siwezi kuwalaumu. Nimeshawahi kusubiri hati moja miezi tisa katika ofisi moja ya hapa hapa mkoani, silitaji jina, na kati yangu na hiyo ofisi kulikuwa na nauli ya daladala.

Sasa hiyo serikali. Nimeisoma miaka mingi kupitia stempu zake, maana stempu ni gazeti la serikali kama unajua kuisoma. Juu yupo Msimamizi anayeletwa kutoka Uingereza. Yeye anamwakilisha Gavana, na Gavana anakaa St Helena, kisiwa kingine zaidi ya kilomita 2,400 upande wa kaskazini, na Tristan hutoki ila kwa meli. Kuna Baraza la Kisiwa: wajumbe 8 wa kuchaguliwa na 3 wa kuteuliwa, uchaguzi kila baada ya miaka mitatu, na sheria inataka walau mwanamke mmoja awemo. Mmoja wao huwa Mkuu wa Wanakisiwa. Idara wanazo kama sisi: hazina, elimu, afya, kilimo, uvuvi, ujenzi, polisi, posta na utalii. Polisi wa kudumu ni mmoja. Shule moja, hospitali moja. Watu wazima wengi wanaofanya kazi wameajiriwa na serikali hiyo hiyo, na waliobaki wako kwenye kiwanda cha kamba koche.

Hapo kwenye kamba koche ndipo nilipowapendea. Huyo mnyama ndiye anayelipa mishahara kisiwani, stempu na sarafu za wakusanyaji zinafuata nyuma. Na bahari ya kule haikupi siku nyingi za kuvua kwa mwaka. Basi asubuhi bahari ikitulia, linagongwa kengele lao, ambalo ni mtungi wa zamani wa gesi uliotundikwa, wenyewe wanaliita "dong". Kijiji kizima kinasikia. Watumishi wengi wa serikali wanaacha kazi zao: wengine mashuani, wengine kiwandani kuchakata kile kitakacholetwa jioni. Mhasibu wa asubuhi anakuwa mvuvi wa mchana, na hakuna anayeshangaa.

Nimekaa kwenye foleni zetu hizi na kusikia "mhusika ametoka kidogo." Ametoka wapi? Anarudi lini? Hakuna ajuaye, hata mlinzi. Kule mhusika akitoka, dong imekwishatangaza alikokwenda na sababu, na kesho yake utamkuta shambani kwake, maana mashamba ya wote yako sehemu moja. Nilipokuwa dirishani Moshi, watu wa Uru walikuwa wananisubiri Jumapili nje ya kanisa waniulize barua ya mtoto wao imekwama wapi. Nilikuwa nachukia. Lakini nakiri, barua za watu wa Uru sikuwahi kuzichelewesha.

Mashamba hayo yanaitwa The Patches, kilomita chache kutoka kijijini, vipande vidogo vya viazi vilivyozungushiwa kuta za mawe ili upepo usiving'oe. Mtu wa Kibosho au Marangu haihitaji nimweleze. Ni kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, ila badala ya mgomba na kahawa kuna kiazi. Ardhi ni ya wote kwa pamoja, mgeni hanunui. Ng'ombe na kondoo kila kaya ina kikomo chake, mtu asijilimbikizie malisho akawanyima wenzake. Hili halikuanza jana. Mwaka 1816 Waingereza waliweka askari pale kwa hofu kwamba kisiwa kingetumika kumtorosha Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa waliyemfunga St Helena. Mwaka uliofuata askari wakaondolewa, koplo mmoja, William Glass, akaomba abaki na mkewe na watoto. Yeye na wenzake wakaandikiana mkataba kwamba mali na faida ni sawa kwa sawa na hakuna mkubwa wa mwenzake. Ukoo wa Glass upo kisiwani mpaka leo. Koo zote kwa ujumla ni chache mno, mbili kati yake zimetokana na mabaharia wa Kiitaliano ambao meli yao ilivunjikia hapo mwaka 1892.

Viazi hivyo viliwahi kuwa bei ya stempu, na sitanii. Mwaka 1946, kabla hawajaruhusiwa kuwa na stempu zao, walichapa moja ya kuombea ruhusa: thamani yake peni moja, na pembeni imeandikwa viazi vinne. Mama yangu mzazi alimlipa fundi aliyeezeka jiko letu kwa mikungu ya ndizi, kwa hiyo mimi hesabu hiyo haikunichekesha. Wakubwa hawakuikubali wakati ule. Stempu rasmi walizipata tarehe 1 Januari 1952, nazo zilikuwa za St Helena zilizogongwa jina la Tristan juu yake. Seti kamili ya hiyo ya 1952 sijaipata. Ninazo tatu za bei ya chini.

Na kuna zile ambazo sitazipata kabisa. Oktoba 1961 mlima wao, ambao ni volkano, ulipasuka ubavuni, pembeni kabisa ya nyumba. Sisi tunaoishi chini ya Kibo tunauita mlima baba, tunaupiga picha, tunauza kofia zenye sura yake. Wao walipakiwa kwenye mashua, watu 264, kisiwa kikabaki kitupu, wakaishia Uingereza. St Helena ikatoa stempu za Tristan zilizogongwa maneno ya kuwachangia wahanga. Baada ya wiki moja zikaondolewa sokoni, zimeuzwa seti 434 tu. Seti 434! Kila mwenye albamu duniani anazijua na karibu hakuna aliyezishika. Uingereza iliwapa nyumba na kazi, na walipoulizwa kwa kura kama wanataka kurudi kwenye majivu yao, karibu wote wakasema ndiyo. Mwaka 1963 wakarudi. Kati ya stempu nilizopokea Jumanne mbili zinaonyesha huo mlima. Una mita 2,062, hata nusu ya Meru haufiki, lakini unaanzia majini.

Nimewahi kujiuliza serikali ndogo namna hiyo inafanyaje siku ya balaa. Machi 2011 meli ya mizigo iliyoitwa Oliva ilipanda mwamba kwenye kisiwa cha jirani, Nightingale, mafuta yakamwagika, pengwini maelfu wakalowa. Mabaharia wote 22 waliokolewa. Halafu kijiji kizima kikahamia kwenye kuosha ndege. Bwawa la kuogelea likatolewa liwe la pengwini. Wengi walikufa hata hivyo. Mwaka 2020 watu hao hao wakatangaza hifadhi ya bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 687,000, ambayo ni karibu robo tatu ya Tanzania, na serikali yao yote inaenea kwenye ukumbi wa shule wa hapa kwetu.

Nusu nyota niliyokata ni ya nini? Kwanza, stempu za familia ya kifalme ni nyingi mno. Harusi, jubilii, kuzaliwa. Naelewa zinauzika, kuna watu wanakusanya hizo tu, ila mimi nataka mashua, nataka viazi, nataka ule mtungi wa gesi. Pili, hazichapwi kisiwani, jambo ambalo haliwezi kuwa vingine, lakini moyo wangu wa kaunta ungependa zinuke samaki kidogo. Pembe moja ya bahasha ilikuwa na unyevu. Huo sijui uliingia njia gani, mikono iliyoishika ni mingi, na sitawabambikia wao.

Kwenda kutembea? Sahau. Hata kama una nauli ya meli, unaomba kwanza, na Baraza la Kisiwa ndilo linaloridhia. Mume wangu kasikia hivyo akafurahi sana.

Oda ya pili nimeipeleka jana, tena nimeongeza kadi posta ya Kibo isiyo na wingu, bure, kwa yeyote atakayefungua gunia. Kijana wa dirishani aliipima, akaniuliza TDCU ni wilaya au mkoa. Nikamwambia agonge mhuri polepole, pembeni, asiifunike picha. Akagonga, akaangalia, akaufuta wino ukucha wake, akaitia kwenye gunia la Dar.