Gia boksi imekufa, na uvunguni hajaingia

Hili limenikaa kooni wiki kadhaa sasa, acha nilitoe.

Nina Hilux ya zamani, ndiyo inayonitolea vitunguu Mang'ola. Ikaanza ugonjwa: nikiachia klachi, chini inagonga ko! Nikifika spidi 60 sakafu yote inatetemeka. Nikaipeleka gereji moja Arusha inayosifiwa na kila mtu. Fundi mkuu akazunguka nayo dakika tano, akashuka: "Gia boksi imekufa." Hakuinama, hakuomba hata tochi. Nikamwambia, mbona nikibadilisha gia mtetemo uko vilevile, unafuata mwendo wa gari na si muungurumo wa injini? Akawageukia wenzake, wakacheka. "Mama, wewe leta hela, ufundi tuachie wenyewe."

Nikatoa laki tatu za kutanguliza gia boksi ya mtumba. Ndiyo, nilitoa. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe.

Bosi alipoenda kula, spana boi wao, kijana mdogo kabisa, akaniamkia, akaweka mawe kwenye matairi, gia akaiacha huru, akaingia uvunguni na kuizungusha kwa mkono propela, ile shafti ndefu inayotoa nguvu gia boksi kupeleka magurudumuni. Ikacheza. "Mama, hebu chungulia." Kwenye krosi ya nyuma, kile kiungio cha propela kinachojikunja, kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, grisi ilishakauka zamani. (Mara ya mwisho kupiga grisi? Msiniulize.) Ili tuwe na hakika akaifungua propela ya nyuma, akafunga loki za magurudumu ya mbele, akaweka fowili, tukaingia barabarani tukivutwa na matairi ya mbele tu. Hamsini, sitini, sabini. Kimya! Gia boksi haina kosa.

Krosi mpya haikufika hata bei ya gunia la vitunguu.

Bosi aliporudi alimfokea kijana mbele yangu. Mimi hata pole sikupewa, na laki tatu zangu eti "zimeshaingia kwenye mzunguko."

Kwa hiyo msiende pale. Kamwe. Ingawa, niseme ukweli, springi walizonitengenezea mwaka juzi zinabeba mpaka leo, na kulehemu wanajua. Na kijana bado yupo. Basi mkienda, nendeni saa saba mchana bosi akiwa mgahawani, na msiseme nimewatuma mimi.