Fundi saa wa karibu na soko kuu Mtwara, nilimpelekea saa ya babu ya kijeshi

Wakuu, watu wameniuliza mara kibao hii saa nilitengenezea wapi, naandika hapa mara moja ili niache kujibu mmoja mmoja. Ni mzee ana kimeza chenye kioo pale karibu na soko kuu Mtwara mjini, barazani kwa duka la vitenge. Jina siweki maana sijamuomba ruhusa, ila ukiulizia fundi saa mzee mwenye kofia ya viua utaoneshwa na mtoto yeyote.

Saa yenyewe ni Cyma ya jeshi la Uingereza. Mgongoni ina W.W.W. na ile alama ya mshale mpana ambayo serikali yao ilikuwa inagonga kwenye mali zake zote. Herufi hizo kwa Kiswahili ni kama kusema saa, ya mkono, isiyopitisha maji, wanajeshi bwana, hata jina la saa linasomeka kama daftari la stoo. Kampuni 12 zilipewa oda, mashine zote za Uswisi, zikafika jeshini 1945 vita inaishia, na masharti yalikuwa mamoja kwa wote: uso mweusi, namba nyeupe, sekunde na kiduara chake pale kwenye sita, vijiwe vya rubi 15 ndani vya kupunguza msuguano. Kuna watu huko duniani wanazitafuta zote 12 na inayowatoa jasho ni Grana maana zilitoka chache. Mi nina moja tu na hata sikuinunua.

Babu aliipata Nachingwea enzi za mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951 na kutuachia bandari hii ya Mtwara. Alikuwa tanboi wa lori. Mradi ulijaa wazungu waliotoka jeshini na vifaa vya vita vilivyobaki, mpaka vifaru viligeuzwa matrekta, na mmoja wao ndo akamwachia hiyo saa, hivyo ndo tunavyosimuliwa nyumbani. Bibi akaiweka sandukuni na kanga zake na naftalini miaka nenda rudi, baba mdogo akanipa mimi kwa sababu ndo mwenye ugonjwa wa saa kuukuu kwenye ukoo.

Sasa kabla ya huyu mzee nilifanya ujinga. Niliipeleka Dar kwa fundi mmoja (simtaji) akabandika kioo kwa supaglu. Supaglu jamani! Moshi wa ile gundi ukikauka ndani unaacha ukungu mweupe, kwa hiyo nikarudi kusini na saa ambayo haitembei na haisomeki, na elfu arobaini yangu imeenda.

Kwa mzee nilifika saa nne asubuhi, nikaamkia, akaitikia bila kuinua kichwa maana alikuwa anaweka betri kwenye saa ya Kichina, na ukweli siku hizi hiyo ndo kazi yake kubwa, betri na mikanda. Nilipomuwekea Cyma juu ya kioo akaacha ya betri wazi vilevile. Akaigeuza, akapitisha kucha kwenye ule mshale mgongoni taratibu, akasema "hii mtoto wa mjini asiiguse." Akafungua, akaweka lenzi jichoni, kimya kama dakika kumi hivi, mwenye saa ya betri amesimama pembeni ananuna. Mafuta yalikuwa yamekauka yamekuwa kama gundi ya mkorosho, springi kubwa imekatika, na skurubu moja haikuwa yake, ililazimishwa. Basi nikajua ni nani.

Mi nilitaka ing'arishwe mwili mzima, pia zile nukta za usoni na mishale ya kusomea saa vipakwe dawa mpya viwake usiku. Akakataa yote mawili. Kung'arisha, kasema, kutakula alama ya mshale, "ukiufuta huo unabaki na chuma." Na kuwaka usiku? "Usiku si una simu mjukuu wangu?" Nilicheka lakini kumbe ndo ushauri mzuri niliowahi kupewa, saa ya namna hii ikishapakwa rangi upya wakusanyaji hawaitaki tena kwa bei yake.

Hapo na mimi nikamwambia kitu, kwa adabu zote maana kumfundisha mzee kazi yake si jambo dogo. Ile dawa ya zamani ni radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari. Haiwaki tena kwa sababu kile kinachotoa mwanga ndo kimechoka, radiamu yenyewe ipo palepale, inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Kule Marekani miaka ya 1920 wasichana wa viwandani walikuwa wanachonga ncha ya brashi kwa midomo wakati wa kupaka nyuso za saa, wakaoza mataya na wengine wakafa. Ikiwa imefungwa kwenye saa haina neno kubwa, shida ni kukwangua na kuvuta vumbi lake. Na mzee ana tabia ya kupuliza saa kwa mdomo, fuu, kila baada ya dakika. Akanisikiliza, akavuta droo, akatoa kile kipira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga, akaanza kupulizia kwa hicho. Uso wa saa akauvua akauweka kwenye kikopo chenye kifuniko, hakuugusa tena mpaka siku ya kurudishia. Mafundi wangapi wanaambiwa kitu na mteja wakakubali?

Springi aliipata kwenye kopo la Blue Band lililojaa saa zilizokufa, kaipima upana na unene kwanza. Mashine akaiosha kipande kimoja kimoja. Kioo kipya cha plastiki kimekaa kwa kubanwa, bila gundi.

Ila sasa lawama. Aliniambia wiki mbili, zikawa tano. Simu hapokei, risiti hana, saa za watu ziko kwenye bahasha zimeandikwa kwa penseli, na msimu wa korosho pesa ikishaingia usiende kabisa maana kila mtu anataka saa ukutani na foleni inafika barabarani. Alinitoza elfu sitini, mi naona ni haki.

Halafu wiki ya kwanza saa ikawa inawahi robo saa kwa siku, nikamrudia nimevimba. Hakubishana. Akatoa dira ndogo akaisogeza karibu na saa, sindano ikayumba. Akaniuliza usiku nailaza wapi. Juu ya sabufa, nikasema. Akanitazama tu. Sumaku ya spika ilikuwa imefanya uzi wa balansi, yaani kile kispringi chembamba kinachopima mwendo wa saa, ugandane, na ukigandana unakuwa kama umefupishwa, saa inakimbia. Akaiondoa sumaku kwa kimashine chake cha umeme, sekunde chache tu, bure. Sasa inawahi kama nusu dakika kwa siku, kwa mashine inayopiga mara tano kwa sekunde tangu enzi za babu sina la kusema. Natia ufunguo kila asubuhi kabla ya chai. Kuhusu ile W ya tatu ya maji, mzee kasema nisiiamini, hata kivuko cha Msangamkuu nivuke nimeiweka mfukoni.

Faida nyingine, ukitaka kununua saa mpitishie kwanza. Juzi kuna jamaa wa Lindi alitaka laki tatu kwa "saa ya Mjerumani iliyookotwa Mahiwa", yaani ile vita ya Wajerumani na Waingereza ya Oktoba 1917. Mzee kaitazama mara moja akaninong'oneza nisome usoni: Incabloc. Hicho ni kifaa cha kukinga mashine ya saa na mtikisiko, kimeanza miaka ya 1930, huyo Mjerumani angekipatia wapi. Tukamrudishia jamaa saa yake kwa heshima.

Nyota nne. Ya tano ni ya hizo wiki, na nimemuachia nyingine, Vostok ya Kirusi yenye kifaru usoni, kaniahidi Ijumaa. Hajasema Ijumaa ipi.