Vitabu 41 vya Discworld: usianze na cha kwanza

Mugonile, ndugu zangu! Karibuni tena. Leo narekodi nikiwa nyumbani hapa Soweto, Mbeya, na mkiniona nimejitanda blanketi mjue ni Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai haihitaji maelezo. Huko nyuma yangu dirishani huwa unaonekana mlima Loleza. Leo ukungu umeufunika wote, kwa hiyo tutatazamana sisi kwa sisi.

Kuna swali naulizwa mara kwa mara: "Dada, nataka kusoma Discworld, nianze na kipi?" Huwa najibu kwa mkato. Leo nataka nilijibu vizuri, maana najua watu walioanza vibaya wakaviacha, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa ambaye hajawahi kusikia: Discworld ni riwaya 41 za Mwingereza Terry Pratchett. Ya kwanza ilitoka mwaka 1983, ya mwisho 2015, mwaka aliofariki. Zote zinatokea kwenye dunia iliyo bapa kama sinia. Sinia hilo limebebwa na tembo wanne, na tembo wamesimama juu ya mgongo wa kobe mkubwa kupindukia anayeogelea angani. Kuna majoka, kuna vibwengo, kuna chuo kikuu cha wachawi, kuna mji mmoja mchafu na wenye kelele unaoitwa Ankh-Morpork. Vinachekesha sana. Lakini ukimaliza kucheka unakuta kuna kitu kimebaki kifuani, na ndiyo maana nahangaika navyo hivi.

Sasa, sisi tumelelewa kuanza namba moja. Kwa hiyo mtu anatafuta The Colour of Magic, cha mwaka 1983, anakaa nacho. Nilifanya hivyo hivyo. Nilifika katikati nikakiweka chini, na sikukigusa tena zaidi ya mwaka. Si kitabu kibaya, ila utani wake mwingi unavilenga vitabu vya zamani vya mashujaa wenye mapanga na majoka, ambavyo wengi wetu hatukukua navyo. Ni kama Mhehe na Mngoni wakitaniana msibani: wao wanacheka, mgeni aliyekaa pembeni anaona watu wanatukanana tu. Halafu hadithi yenyewe haiishii humo, inakuachia mtu ananing'inia, inabidi utafute The Light Fantastic ya mwaka 1986 ndipo ujue yaliyompata. Kwa mtu anayejaribu tu, huo ni mzigo.

Habari njema ni kwamba hivi vitabu havikupangwa kama ngazi. Vimepangwa kama koo. Kuna ukoo wa askari wa zamu ya usiku, kuna ukoo wa bibi wachawi, kuna ukoo wa Kifo mwenyewe, na kadhalika. Unaingia kwa mlango wa ukoo mmoja, na wa koo nyingine utakutana nao wakipita njiani.

Mlango ninaowapa mimi ni huu hapa. Ngoja nisogeze karibu na kamera. Mort. Kilitoka mwaka 1987, ni cha nne kwa kuhesabu, kina kurasa kama mia tatu hivi.

Mort ni kijana wa shamba, milimani. Ana roho nzuri lakini kila anachoshika shambani kinaharibika, kwa sababu akili yake iko mbali inawaza. Baba yake na mjomba wanakaa wanaliongea, wanaona bora apelekwe kwa mtu akajifunze kazi. Basi baba anampeleka mjini siku ambayo wenye kazi zao huja kuchagua vijana. Vijana wote wanachukuliwa, mmoja mmoja. Mort anabaki peke yake kwenye uwanja, usiku, baridi. Karibu na saa sita ya usiku anafika mtu amepanda farasi mweupe, amevaa joho jeusi, na ndani ya kofia ya joho kuna mifupa mitupu. Ni Kifo. Mtoa roho mwenyewe, anatafuta kijana wa kumfundisha kazi. Baba mtu yeye anaona tu mheshimiwa wa shughuli za mazishi, na anafurahi mwanawe kapata kazi ya kudumu.

Ndugu zangu, nani hapa nyanda za juu kusini hamjui kijana wa namna hiyo? Kutoka Umalila, kutoka Tukuyu, amebebwa na baba yake kwenye basi la asubuhi kuja kukabidhiwa kwa fundi. Mdogo wangu alipelekwa hivyo. Yuko gereji mwaka wa pili sasa, na kwa kweli si msomaji. Nilimpa Mort nikamwambia jaribu kurasa kumi tu. Alipofika pale kijana anapopewa kazi yake ya kwanza, nilimsikia akicheka peke yake chumbani. Kazi yenyewe ni kuzoa samadi kwenye zizi la farasi. Akimaliza, Kifo anamuuliza unadhani kwa nini nimekupa kazi hii. Mort anajibu kwa adabu kwamba anadhani ni kwa sababu samadi ilikuwa imefika magotini. Na Kifo anafurahi, maana jibu ni hilo hilo. Mdogo wangu miezi yake yote ya kwanza alikuwa anaosha vyuma kwa dizeli na kutumwa chai, akisubiri kuambiwa siri ya hiyo kazi.

Yatakayompata huyo kijana akianza kutumwa peke yake kuchukua roho, na akakuta aliyetakiwa kufa ni binti mfalme anayeuawa bila haki, hayo siyasemi. Nitasema tu kwamba Kifo naye anapata likizo, anakwenda kupika kwenye mgahawa mjini, na anagundua anaipenda kazi hiyo. Nilisoma hapo nikashindwa kuamua nicheke au nilie.

Kwa sisi tunaosoma Kiingereza kama lugha ya darasani, Mort kina faida nyingine. Kifo anaongea kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo hupotei nani anasema. Sentensi ni fupi. Usikae na kamusi pembeni, soma, utani mmoja ukikupita mwingine uko mstari unaofuata. Ila vile vimaelezo vidogo chini ya ukurasa msiviruke. Vichekesho vingine vikubwa vimewekwa humo.

Na kitu kimoja cha kukagua kabla hujatoa hela: Mort hakina sura. Kinatiririka mwanzo hadi mwisho, kuna nafasi tu kati ya tukio na tukio. Kwa hiyo kurasa zikikosekana hugundui haraka. Niliwahi kununua nakala kwa muuzaji mmoja mtandaoni, ikaja imeruka kurasa kumi na sita katikati, na mimi nikadhani ni mtindo wa mwandishi! Fungua, hesabu namba za kurasa, vuta kidogo mgongoni uone gundi inashika.

Mlango wa pili, kwa wanaopenda habari za polisi na mji: Guards! Guards!, mwaka 1989. Hapo mnakutana na Kapteni Vimes, askari mlevi aliyekata tamaa ambaye kitabu baada ya kitabu anasimama na kuwa mtu. Kwenye kinachofuata, Men at Arms cha mwaka 1993, kuna hesabu yake moja naipenda kuliko yote. Vimes anasema buti nzuri ni dola hamsini, na mshahara wake ni dola thelathini na nane. Basi ananunua za dola kumi, zinadumu msimu mmoja au miwili, zinaanza kuvuja. Tajiri wa buti za hamsini anavaa miaka na miaka. Baada ya miaka kumi maskini ametumia dola mia, na miguu bado imelowa. Mtu aliyewahi kununua viatu vya bei chee Mwanjelwa mwezi wa kumi na moja, mvua zinaanza, akavizika kabla ya Pasaka, huyo hahitaji kufafanuliwa. Mimi niliposoma hapo niliviangalia viatu vyangu mlangoni.

Kuna mtu atasema, dada, mimi mambo ya wachawi sitaki. Naelewa, na huku kwetu hilo neno limeshaua watu, sitalichezea. Lakini Bibi Weatherwax na wenzake kwenye Wyrd Sisters, cha mwaka 1988, kazi yao ni kuzalisha akina mama, kutibu mifugo, kukesha na anayekata roho. Ni wale bibi wa kijijini ambao kila mtu anawaogopa kidogo na kila mtu anawaita usiku. Na nguvu kubwa ya Bibi Weatherwax ni kumjua binadamu anavyofikiri. Ukiwa umesoma Macbeth ya Shakespeare utakifurahia mara mbili.

Kwa watoto wengi watakushauri The Wee Free Men, cha mwaka 2003, binti wa miaka tisa anayemfuata mdogo wake aliyeibwa, silaha yake kikaango. Nakipenda sana. Ila vile vijitu vya bluu vilivyomo vinaongea Kiingereza cha lafudhi ya Kiskoti, kimeandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto wetu wa darasa la saba atakwama. Msomeeni kwa sauti.

Small Gods cha 1992 kinasimama peke yake, kizuri mno, lakini kinahusu dini na watu wanaoumizwa kwa jina lake, msome mkiwa mmetulia. Going Postal cha 2004, tapeli anayelazimishwa kufufua posta iliyokufa, nitakitengenezea video yake.

Tazameni hapa kwenye nakala yangu, karibu na mwisho. Hii alama nyeusi ya kidole gumba ni grisi, ni ya mdogo wangu. Alikimaliza kwa siku tisa, akaja kudai kingine. Nikampa Reaper Man cha mwaka 1991, kinachoendelea na habari za Kifo. Kilikuwa niwaonyeshe leo, lakini asubuhi kimeondoka kwenye mfuko wa ovaroli.