Springi za kushushia GT86: nilianza na sentimita 5, nimeishia milimita 25

Gari ni Toyota GT86, na tangu siku ya kwanza kilichokua kinanikera ni ile nafasi kati ya tairi na fenda, ngumi inapita bila kugusa. Gari lenyewe limelala, injini ya boksa (mitungi yake imelala ubavuni) imekaa chini kabisa, halafu ukilitazama ubavuni ni kama mtu kalisahau kwenye jeki. Bas nikaamua nalishusha.

Seti ya kwanza niliichagua kwa macho tu, niliona picha ya gari limekaa chini nikaitaka hiyo hiyo. Inashusha sentimita 5, kampuni sitaitaja. Muonekano ulikua mzuri sana, hilo sikatai, nilikua nikiliegesha nageuka kuliangalia tena. Ila kuendesha! Kila kishimo mbele inagonga dush mpaka unasikia kwenye meno. Nikawaza springi hizi ni ngumu mno, kumbe ndo kinyume chake, zilikua laini mno kwa jinsi gari lilivyoshuka, shokapu imebakiwa na nafasi kidogo sana ya kuzama kwahiyo muda mwingi gari lilikua linakalia zile stopa za mpira na sio springi.

Na hiyo sio swala la kuumia mgongo tu. Uko katikati ya kona, unapita kijituta, nyuma inafika kwenye stopa, ghafla upande ule unakua mgumu kama chuma na tairi linaachia. Ilinitokea mara 2. GT86 inasukumwa na matairi ya nyuma, sitaki kabisa itokee mara ya 3.

Fundi aliponyanyua gari kwenye lifti nilichoka kabisa. Magurudumu yananing'inia na springi ya nyuma unaizungusha kwa mkono, imelegea, manake ni fupi kuliko shokapu ikivutika yote. Springi inatakiwa ibaki imebanwa hata gurudumu likiwa hewani, la sivyo siku ukiruka bonde inaweza kurudi vibaya kwenye kikombe chake. Ndio sababu hiyo hiyo sikubaliani na wanaokata springi za kiwandani kwa grainda, unapata gari fupi lakini springi haikai tena sawa.

Hapo ndo nikaanza kusoma vizuri. Kumbe swali la kwanza sio inashusha kiasi gani, ni ugumu wake. Ukiona imeandikwa kilo 4 kwa milimita maana yake kila milimita 1 unayoibana inataka kilo 4 zaidi. Na ugumu hauonekani kwa macho, waya ukitoka unene wa milimita 12 ukawa 13, vingine vyote vikibaki vile vile, springi inaongezeka ugumu karibu asilimia 38, nani ataona hiyo kwenye picha? Halafu kuna zenye ugumu mmoja mwanzo mwisho, na kuna zile mizunguko ya upande mmoja imesogeleana, hiyo inakutana kwanza na springi inazidi kua ngumu kadri mzigo unavyoongezeka. Kwa gari la kila siku mimi naona hizi za pili ndo zenyewe, za kwanza ni tamu kama unapenda kujua kona inakujaje na una shokapu za kuendana nazo.

Nikapitia Eibach na H&R za Ujerumani, na Tein na RS-R za Japani, mwishoni nikachukua Eibach Pro-Kit. Kwa gari langu ilishuka kama milimita 25. Rafiki zangu wakasema mbona kidogo hivyo, lakini hiyo kidogo ndo inaiachia shokapu nafasi ya kufanya kazi. Shokapu za zamani zilishachoka na ile seti ya kwanza ilizimaliza kabisa, kwahiyo niliweka mpya zilizofupishwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Angalieni hili kabla ya kununua, kwa mfano kwenye shokapu za Bilstein, B6 ni ya urefu wa kawaida, B8 ndo iliyofupishwa.

Wakati wa kufunga nilisimama pale pale. Nati za mikono inayoshika magurudumu, ile yenye bushi za mpira, zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, ukizikaza likiwa linaning'inia bushi zinabaki zimesokotwa muda wote na zinakatika mapema. Fundi wa kwanza hakufanya hivyo, huyu wa sasa kafanya bila kuambiwa. Na springi haibanwi na vifaa vya kubahatisha, nguvu iliyomo ikifyatuka inaweza kuua mtu.

Niliendesha wiki 2 zikae ndo nikaenda alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi yanavyokaa. Usiiruke hii aisee. Gari likishuka matairi yanalala kwa ndani juu, na pia yanabadilika yanavyoangalia, na hilo la pili ndo linalokula tairi haraka zaidi. Nyuma kemba (yaani huko kulala kwa tairi) ilisoma digrii karibu -2, na GT86 ya kiwandani nyuma huna pa kurekebisha kemba, unarekebisha tu tairi linaangalia ndani au nje.

Sasa hivi gari ni gumu kidogo kuliko la kiwandani, hilo lipo, ila likipita kwenye kishimo linagonga mara 1 na kutulia, haliendelei kudunda. Kwenye kona halilali kama zamani, stelingi inajibu mapema, na ile hofu ya nyuma kuachia imeondoka kabisa. Nafasi ya fenda ni vidole 2. Kilichobaki ni mikono ya chini ya nyuma yenye kurekebishika niirudishe ile kemba, nikishaifunga ntapima matairi yanavyolika ndani na nje niwaletee vipimo.