Kompyuta ya nyumbani inajikokota: ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini uache dukani

Kompyuta ikianza kuchukua dakika tano kuwaka, watu wa nyumbani husema imezeeka, wakaanza kuwaza nyingine. Mara nyingi kilichochoka ni kifaa kimoja tu, na vingine vyote vimekaa vinakisubiri. Ukibadilisha hicho kimoja, kompyuta ya miaka minane hurudi kufanya kazi za kawaida bila kukuudhi. Ukikosea ukabadilisha kingine, fedha imekwenda na mashine iko vilevile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumjua anayechelewesha wenzake.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda kwenye ukurasa wa Performance, uiache wazi, kisha fanya kazi zako kama kawaida kwa dakika kumi hivi. Disk ikiwa imegota asilimia 100 huku kasi ya kusoma ni MB moja au mbili tu kwa sekunde, mkosaji ni hadi diski (hard disk, sahani inayozunguka inayohifadhi faili zako). Memory ikipita asilimia 85 na kubaki hapo, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) haitoshi. CPU, yaani prosesa, ikiwa juu muda wote bila wewe kufanya lolote, kuna programu inayoila au prosesa imepata joto. Na vyote vitatu vikiwa chini lakini kurasa za intaneti bado zinachelewa, tatizo liko kwenye intaneti yako, na hakuna kifaa cha ndani kitakachokusaidia.

Kuna mtego mmoja hapa. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski ili ipate nafasi, na diski nayo hupanda hadi 100. Anayetazama Disk peke yake atadhani diski ndiyo mbovu. Soma Memory na Disk kwa wakati mmoja: zote mbili zikiwa juu, huenda unahitaji vitu viwili.

Kabla ya kununua chochote, fungua ukurasa wa Startup humohumo ndani ya Task Manager uzime programu usizozihitaji kila unapowasha. Angalia kama kuna antivirusi mbili zinazofanya kazi pamoja, uondoe moja. Hakikisha diski ina angalau asilimia 15 ya nafasi tupu. Haya ni bure, na yakitosha, usiendelee na orodha.

Namba moja: SSD

Kama kompyuta yako bado inatumia hadi diski, usifikirie kitu kingine. Hadi diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili inapotakiwa, kichwa cha kusomea hujongea kwenye mstari wake na kusubiri sahani izunguke hadi data ifike chini yake, kazi inayochukua takriban milisekunde 15. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na diski hiyo haiwezi kufikia hata mia moja kwa sekunde. SSD ni hifadhi ya chipu, haina kinachozunguka. Hufikia kipande popote kilipo kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu. Ndiyo maana tofauti haihitaji saa ya kupimia. Utaiona kwa macho.

Kuna maumbo matatu utakayokutana nayo. La kwanza ni SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya inchi 2.5, linaloingia mahali palepale ilipokuwa hadi diski ya mpakato. Unene wake ni milimita 7. Kompyuta za zamani zina nafasi ya milimita 9.5, hivyo SSD isipokazika vizuri tumia fremu nyembamba ya plastiki, ambayo baadhi ya watengenezaji huiweka ndani ya boksi. La pili ni M.2 ya SATA, na la tatu ni M.2 ya NVMe: M.2 ni kipande chembamba kinachochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na NVMe hupitisha data kwenye njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe. Haya mawili yanafanana kama mapacha, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Kwa kawaida NVMe ina pengo moja kwenye meno yake ya dhahabu na SATA ina mawili, lakini zipo NVMe zenye mawili, kwa hiyo usiamini macho. Soma maelezo ya modeli ya kompyuta yako: kuna tundu la M.2 linalokubali SATA tu, lingine NVMe tu, na lingine zote. Angalia na urefu pia. 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na tundu la 2242 halitaipokea.

Je, NVMe inastahili? SATA hufikia karibu MB 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 hufikia karibu 3,500, na ya PCIe 4.0 huweza kufika 7,000. Namba hizo zinavutia. Lakini kwa kuwasha mashine, kufungua kivinjari na kuandika barua, mtu wa nyumbani hatatofautisha SATA na NVMe. Anayehariri video ndiye atakayenufaika. Kwa hiyo nunua aina inayoingia kwenye kompyuta yako, na zikiingia zote, NVMe ya kawaida yatosha.

Ukubwa: GB 256 ni kiwango cha chini cha kukubalika, na GB 500 ndicho tunachopendekeza, kwa sababu SSD iliyobanwa hadi ukingoni hupungua kasi. Chagua yenye seli za TLC (biti tatu kwa seli) kuliko QLC (biti nne). QLC huandika haraka mwanzoni, kisha sehemu yake ya akiba ikijaa hushuka sana, wakati mwingine chini ya hadi diski uliyoitoa. Ukinakili folda kubwa ya video utaliona hilo. Tazama namba ya TBW kwenye maelezo, yaani terabaiti unazoweza kuiandikia kwa jumla: 150 kwa SSD ya GB 250 ni kiwango kizuri cha TLC, na matumizi ya nyumbani huchukua miaka mingi kuifikia. Jihadhari na SSD isiyo na modeli inayosomeka yenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. Nyingi huwa ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha, iliyopangwa idanganye ukubwa wake. Programu ya H2testw huandika data hadi ukubwa wote ujae kisha huisoma tena. Ipitishe kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Pamoja na SSD nunua kebo ya SATA kwenda USB, ya kuiunganishia wakati wa kunakili, na bisibisi ya PH0. Kwa kompyuta ya mezani ongeza kebo ya data ya SATA na fremu ya kubadili inchi 2.5 kuwa 3.5. Kwa M.2 utahitaji kasha lake la USB.

Kuhamisha mfumo kuna utaratibu wake, na makosa yake yanajulikana. Anza kwa kuweka nakala rudufu ya faili zako mahali pengine. Kisha pima afya ya diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo: mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski, ikiwa na namba zaidi ya sifuri kwenye safu ya Raw Values, usinakili diski nzima. Okoa faili zako kwanza, halafu sakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Diski ikiwa nzima, tumia programu ya kunakili inayotolewa na mtengenezaji wa SSD, au Clonezilla. Clonezilla ni nzuri, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama BitLocker, kufuli la Windows la data ya diski, imewashwa, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Bila huo, data yako inaweza kufungika moja kwa moja.

Nakili patisheni zote (sehemu ambazo diski imegawanywa), siyo C peke yake. Ujumbe wa kwamba hakuna diski ya kuwashia mara nyingi hutokana na kuiacha ile patisheni ndogo ya EFI, yenye faili za kuwashia, ambayo haina herufi na hivyo haionekani kwenye orodha ya kawaida. Sababu nyingine ni BIOS, programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta, kuwekwa katika hali ya Legacy (ya zamani) wakati mfumo ulisakinishwa kwa UEFI (ya kisasa), au kinyume chake. Ukishanakili, zima kabisa, chomoa chaja na betri, badilisha diski, na uwashe mara ya kwanza ukiwa na SSD peke yake. Mfumo ukiwaka, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 linamaanisha TRIM, amri inayoiarifu SSD data iliyofutwa, inafanya kazi, na SSD itadumisha kasi yake.

Ukisakinisha upya, usiogope kuhusu leseni. Windows 10 na 11 zenye leseni ya kidijitali huitambua madabodi na kuthibitisha leseni (activation) zenyewe zikipata intaneti.

Namba mbili: RAM

Kutoka GB 4 kwenda 8 ni hatua kubwa. Kutoka 8 kwenda 16 ina maana kwa anayefungua vichupo thelathini huku anafanya mkutano wa video. Zaidi ya 16 kwa kazi za nyumbani, RAM itakaa tupu.

Aina haziingiliani. DDR3 ya kompyuta mpakato ina pini 204, DDR4 ina 260 na DDR5 ina 262. Za mezani ni 240, 288 na 288, ila pengo la DDR4 na DDR5 liko mahali tofauti. Kwenye DDR3 kuna mtego wa volti: mashine zilizoundwa kwa DDR3L ya volti 1.35 huenda zisiwake ukiweka DDR3 ya volti 1.5, wakati DDR3L kwa kawaida hukubaliwa na mashine za volti 1.5. Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, chukua DDR3L. Task Manager, upande wa Memory, itakuonyesha kasi na idadi ya matundu yaliyotumika. Lakini fungua kifuniko uhakikishe, maana kompyuta nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye madabodi na hakuna cha kuongeza. Angalia pia kama Windows yenyewe ni ya biti 32: hiyo haitatumia zaidi ya GB 4, hata ukiweka 16.

Vipande viwili vya GB 4 hupita kimoja cha 8, hasa pale ambapo michoro inaendeshwa na prosesa yenyewe, kwa sababu husoma kwa njia mbili kwa pamoja. Kama tundu la pili liko wazi, nunua kipande kinachofanana na kilichopo. Kwenye mpakato, kiingize kwa mshazari wa nyuzi kama 30, sukuma hadi meno ya dhahabu yakaribie kupotea, kisha kilaze hadi vibanio vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi hakijaingia sawasawa; kitoe, ukirudishe.

Namba tatu: pesti na hewa ya kopo

Hapa unanunua vitu vidogo, lakini kwa kompyuta yenye feni inayonguruma matokeo yake ni makubwa. Prosesa inapokaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili utaiona kwenye CPU ndani ya Task Manager: kazi imeongezeka, lakini Speed imeshuka chini ya Base speed. Kopo moja la hewa, pesti ya gramu moja (ile inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipooza ili joto lipite) na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi vinatosha. Zuia feni kwa kijiti unapopuliza, isizunguke kwa kasi ya hewa ikaharibika. Futa pesti ya zamani yote, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Huzalisha umeme tuli.

Kama mpakato ni mwepesi ukiwa na chaja moja na mzito ukiwa na nyingine, nunua chaja sahihi. Baadhi ya mashine zikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi.

Namba nne: kompyuta nyingine

Hii ni ya mwisho, ila kuna mashine zisizookoka. Yenye hifadhi ya eMMC ya GB 32 na RAM ya GB 4 zilizochomelewa haina pa kukua. Vilevile Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, isipokuwa chache. Ukitafuta iliyotumika, chukua ya ofisini yenye prosesa hizo: hufunguka kwa urahisi na vipuri vyake hupatikana. Usiyetaka kununua, weka SSD kisha Linux Mint ya Xfce, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni bure.

Programu za kulipia zinazodai kusafisha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) usizinunue. Microsoft yenyewe haiziungi mkono, na zikikosea mfumo unaweza usiwake. Flashi ya ReadyBoost, yaani kutumia flashi kuisaidia RAM, ilikuwa na maana enzi za Vista, RAM ilipokuwa chache. Kadi ya michoro haitaharakisha kivinjari kinachosubiri diski.

Hadi diski uliyoitoa usiifute kwa wiki mbili. Mara nyingi kuna folda iliyosahaulika. Baadaye, kama mistari ya 05 na C5 ilikuwa sifuri, iweke kwenye kasha la USB 3.0 iwe ya nakala rudufu za kila wiki. Kama haikuwa sifuri, ukishamaliza kuokoa faili zako usiihifadhie kitu tena.