Bushi za springi kwenye Landrover 109: nimelipia ufundi mara mbili, bushi hazikuwa na kosa

Gari ni Landrover 109 Series III ya mzee wangu, ilibeba kahawa Kibosho miaka na miaka kabla haijaja kwangu. Bodi ya aluminiamu bado ipo vizuri, injini ya petroli lita 2.25 inawaka, ila chini huko ilikuwa inagonga kila shimo na ukikata kona nyuma inachelewa kufuata, kama ng'ombe anaeburuzwa. Kucheki, bushi za springi (vile vibomba vyenye mpira vinavyokaa kwenye ncha za springi, bolti inapita katikati) zimeisha kabisa, mpira umekuwa unga.

Nikanunua seti nzima ya mpira. Springi nne kila moja ina macho mawili, yaani matundu ya kwenye ncha zake, kwaiyo bushi nane, alafu kuna zile zinazokaa kwenye chesisi yenyewe, hizo watu huwa wanazikwepa kwa sababu kuzitoa ni balaa. Kuna muuzaji alitaka kuniuzia zile ngumu za plastiki, rangi ya njano, akasema hazifi. Mi nikabaki na mpira, na sijutii.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Walipandisha gari kwenye stendi kwa chesisi, matairi yananing'inia, wakatoa wakaingiza wakakaza kila kitu pale pale juu, tena wakazipaka bushi grisi ya kawaida ya bearing "ziingie laini". Jioni nakabidhiwa gari imesimama juu, mi kichwani nasema eeh imekuwa kijana. Kumbe wapi. Ilikuwa ngumu ajabu, tuta dogo tu linakupiga kiunoni, na baada ya kama wiki sita za ile barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, kelele ikarudi ile ile. Nikaenda dukani nimejaa hasira nikijua nimeuziwa feki, na jamaa wa dukani nilimsema vibaya, bado namdai samahani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Majengo, Moshi, fundi wa Landrover tangu zamani. Hakuingia hata chini ya gari kwanza. Akachukua bushi mpya, akaibana vaisi kwa lile ganda la nje, akapitisha bolti kwenye kibomba cha ndani akakaza, alafu akachora mstari wa chaki kuanzia ganda, ukapita kwenye mpira mpaka kwenye kibomba. Akazungusha bolti kwa spana kidogo, mstari ukapinda. Akaachia, ukarudi. Akaniambia, "Kijana, hii haizunguki kama bearing. Ganda limeshikwa na jicho la springi, kibomba kimeshikwa na bolti, kinachocheza ni mpira tu, unajipinda na kurudi. Sasa wewe umekaza gari ikiwa inaning'inia, ukaishusha na uzito wote, mpira umepindwa muda wote hata gari ikiwa imelala nyumbani."

Hapo ndo nikaelewa kwa nini ilisimama juu, na kwa nini ilikuwa ngumu. Mpira wenyewe ulikuwa unafanya kazi ya springi. Ukichanganya na ile grisi, ambayo mafuta yake yanavimbisha mpira na kuulainisha, wiki sita zenyewe nashukuru.

Kazi ilichukua siku mbili, siku nzima ya kwanza ni kutoa tu. Bolti mbili zilishikana na kibomba kwa kutu zikakatwa na grenda. Zile za chesisi alichoma mpira kwa moto mdogo, tangi limefunikwa na ndoo ya maji ipo pembeni (moshi wake mchafu, kaa mbali), ganda lililobaki akalikata kwa msumeno wa chuma, polepole, anasimama anaangalia, maana ukipitiliza unakata chesisi. Kisha akasafisha matundu kwa msasa. Kuingiza alitumia kipande cha bomba kinacholingana na ganda la nje, kwa sababu ukisukuma katikati unachana mpira kabla haujaenda popote. Maji ya sabuni tu, hamna grisi. Grisi ya shaba alipaka kwenye bolti, ili atakaekuja kufungua siku nyingine asinitukane.

Bolti zote akazifunga kwa mkono tu, zinacheza. Gari chini, matairi yote ardhini. Akaniuliza kawaida unabeba nini, nikasema jeki, tairi la akiba, maji, na mimi. Akasema weka vyote na wewe panda. Akaitikisa mbele nyuma, akaiyumbisha mara kadhaa ikae yenyewe, ndipo akaingia chini kukaza kabisa, mimi nimekaa kwenye usukani kama mzigo. Na anakaza kweli, maana bolti ikilegea kibomba kinazunguka juu yake na kuila.

Saivi gari imekaa chini kidogo kuliko ile mara ya kwanza na inapanda matuta kwa heshima. Nimeenda nayo Same na kurudi bila kugonga. Bushi nazipa nne kati ya tano, moja nimekata kwa sababu mbili kwenye seti ganda lake lilikuwa na kingo za hovyo ikabidi zipigwe tupa. Mzee nampa tano, ingawa simu hapokei, ni mpaka umfate. Gereji ya kwanza walikubali kunirudishia nusu ya ufundi, nusu nyingine wanasema "tutaongea".

Usukani bado una plei, yaani unacheza bure kabla matairi hayajageuka, ila hiyo sio bushi, mzee keshaniambia ni kitu kingine na bei yake nikaogopa kuuliza mara ya pili.